Mkibomoa Nyumba, Msimfute Mzee Kwenye Orodha

Kwa Gavana wa Kaunti ya Jiji la Nairobi. Kwa Waziri wa Afya. Kwa Waziri wa Leba na Ulinzi wa Jamii. Nakala kwa manaibu kamishna na machifu wote wa mitaa iliyo kando ya mito.

Waheshimiwa,

Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii huku Mathare. Ni mmoja wa wale 100,000 ambao Rais alituzindua Septemba 2023, tukakabidhiwa begi lenye kipimo cha presha, kipimo cha sukari, mizani na kipimajoto. Kazi nilikuwa naifanya tangu enzi tulipoitwa watu wa kujitolea, na bado naifanya, begi lenyewe likiwa limeshachakaa zipu. Siandiki kuhusu posho, ingawa ile 5,000 ya mwezi, nusu ya kaunti na nusu ya serikali kuu, mnajua wenyewe inavyokuja. Naandika kuhusu wazee waliofurushwa makwao hapa mjini.

Neno langu ni moja. Nairobi, kila msaada wa mzee umefungwa kwenye mlango wa nyumba yake. Mimi namjua kwa mlango. Chifu anamjua kwa mlango. Mzee wa mtaa, kliniki, kanisa, msikiti, chama chake cha mazishi, wote wanamjua kwa mlango. Tingatinga likiuangusha mlango ule, mzee anatoka kwenye vitabu vyote kwa siku moja, na hakuna afisa hata mmoja ambaye kazi yake ni kumrudisha. Ninachowaomba ni orodha imfuate mtu anakohamia.

Nieleze kwanza tunavyofanya kazi, maana nadhani baadhi yenu mliotia saini mpango huu hamjaufuata mpaka vichochoroni. Kila mmoja wetu amepewa nyumba kama mia moja. Zimo kwenye simu ya kazi: nani mwenye nyumba, wanalala wangapi, nani mjamzito, mtoto gani hajachanjwa, mzee gani ana presha au sukari. Nikipita kwa shosho, yaani bibi mzee, asubuhi nampima, naandika, na namba zikiwa mbaya nampa barua ya rufaa aende kliniki. Kazi yenyewe haina maajabu. Ni kumuuliza kama amemeza dawa, kubonyeza mguu kuona kama umevimba, kuchungulia sufuria kujua kama jana kuna kilichopikwa. Presha haiponi, inatunzwa tu. Mzee anaweza kukaa wiki mbili bila dawa na asihisi kitu, akawa anacheka na wajukuu, mpaka asubuhi moja mdomo unapinda na mkono unakataa kushika kikombe.

Halafu kuna daftari. Ambaye hajawahi kupanga foleni kwenye kliniki ya presha huenda halijui. Ni daftari la shule, lile jembamba, limevalishwa gazeti, limeandikwa jina na namba kwa kalamu nene. Ndani kuna mstari mmoja kwa kila ziara: tarehe, presha, sukari, uzito, dawa alizopewa, siku ya kurudi. Mzee analiweka kwenye bahasha ya kaki pamoja na kitambulisho, chini ya godoro. Kliniki ninakopeleka wagonjwa wangu, historia yote ya mgonjwa ni hiyo. Daftari likipotea, daktari anaanza upya na mtu wa miaka 74 kana kwamba ameanza kuugua leo.

Aprili 2024 mto Mathare ulipofurika usiku, madaftari yalikwenda na maji pamoja na vyombo na magodoro. Shosho mmoja ambaye presha yake naijua kama namba yangu ya simu nilimkuta shuleni walikohifadhiwa, amelala sakafuni juu ya leso. Alikuwa amebakiwa na vidonge vinne. Alikuwa amevifunga kwenye pindo la leso nyingine pamoja na sarafu, na alikuwa anakikata kila kidonge katikati ili vimfikishe mbali. Nilimpima nikapata 190 kwa 110. Nikamwandikia barua, mjukuu akamsindikiza hadi kituo kingine, kwa sababu njia ya kwenda kwetu haikupitika. Pale dirishani akaulizwa daftari liko wapi. Akaulizwa dawa zake zinaitwaje. Akajibu ni kile kidogo cheupe na kile cha manjano. Akaambiwa arudi Jumanne, ndiyo siku ya kliniki ya presha, aje na daftari jipya. Ilikuwa Ijumaa. Jumapili mkono wa kulia ukakataa.

Kituo sikitaji. Yule dada wa dirishani hakuwa mkatili. Foleni ilikuwa imefika nje ya geti, na huo ndio utaratibu aliopewa. Ninalosema ni kwamba utaratibu huo haukumfikiria mtu ambaye nyumba yake imeondoka usiku.

Siku chache baadaye ikaja amri ya kuwaondoa wote walio ndani ya mita 30 kutoka mtoni, na mwanzoni mwa Mei tingatinga zikaingia Mathare na Mukuru. Mnielewe vizuri hapa. Sitetei mtu kujenga mtoni. Mvua za mwaka ule ziliua zaidi ya watu 200 nchini, na mimi nimesaidia kubeba maiti kutoka kwenye matope. Kuhama kulihitajika. Lakini kuna kuhamisha watu na kuna kuwatawanya. Shule zilipofunguliwa tarehe 13 Mei, waliokuwa wamelala madarasani ilibidi watoke wapishe watoto. Vijana wakaenda kutafuta vibarua, kina mama wakapata vyumba Huruma, Kariobangi, Dandora, Kayole. Wazee wakagawanywa kama walivyopokelewa: huyu kwa binti anayeishi chumba kimoja na watoto wanne, yule barazani mwa kanisa, mwingine kwa mpwa ambaye hawajaonana tangu matanga ya mwisho.

Simu ya kazi, yenyewe, haikuhama. Kwa miezi iliendelea kunikumbusha nitembelee nyumba ambazo sasa ni kifusi. Wenye nyumba hizo walikuwa Dandora, kwenye mitaa ambayo ina wahudumu wake, na wale wahudumu hawakuwa na habari kwamba ndani ya chumba fulani kuna mzee mgeni mwenye kisukari na kidonda cha mguu. Wangejuaje? Hakuna aliyewaambia. Kidonda chenyewe alikipata siku ya mafuriko. Mwenye kisukari cha muda mrefu miguu hufa ganzi. Alitembea kwenye maji ya mto yaliyochanganyika na ya choo, mabati yakamkata, na hakuhisi. Nilikuja kumpata kwa kuulizia sokoni, kwa nauli yangu, siku ambayo si ya kazi. Tayari vidole viwili vilikuwa vimekatwa. Mpango wa kitaifa hauwezi kutegemea mhudumu mmoja kuwa na nauli.

Najua kuna jibu ambalo wazee wetu hupewa kwenye kaunta za ofisi, kwa sababu nimesimama nao nikilisikia: si urudi tu ushago, kijijini kwenu? Huku mjini unatafuta nini na umri huo? Anayeuliza hivyo ana mashamba ya babu yake kichwani. Shosho ninayemzungumzia hana. Mama yake alifika Mathare akiwa kijana, yeye akazaliwa mjini. Nyumba za Mathare zilibomolewa na wakoloni miaka ya Hali ya Hatari, wakati wa vita vya Mau Mau. Aprili 1954 ikaja Operesheni Anvil, maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru wakazolewa Nairobi wakapelekwa kambini, na yeye alikuwa mtoto wa kubebwa mgongoni. Alipokuwa mama wa watoto alikuwa na kibanda cha kuuza mboga karibu na mtaa wa Muoroto, ule uliobomolewa Mei 1990. Mwaka 2024 ukamkuta mtoni. Serikali zimebadilika, bendera imebadilika, tingatinga limekuwa kubwa zaidi, yeye ni yule yule. Mwanamke ambaye hakuolewa kwa mahari, au aliyeachwa mjane akanyang'anywa shamba na mashemeji, ushago wake uko wapi? Na Mnubi wa Kibera, ambaye ukoo wake upo pale tangu mwanzo wa karne iliyopita, mnamwambia arudi wapi?

Wazee wa Nairobi ni wachache ukilinganisha na vijana, nakubali. Sensa ya 2019 ilihesabu watu milioni 2.7 wenye umri wa miaka 60 na zaidi Kenya nzima, na wengi wao wako mashambani. Nadhani ndiyo maana mipango ya mji huu inaandikwa kana kwamba hawapo. Huwaoni barabarani saa za kazi. Wako ndani ya mabati, na mchana mabati yana joto, na Julai yana baridi ya kutosha kumpa mzee nimonia.

Sasa pesa. Mei 2024 Rais alipokuja Mathare aliahidi shilingi 10,000 kwa kila nyumba iliyobomolewa, ya kuanzia maisha kwingine. Nilisikia hesabu hiyo nikakumbuka mahali pengine nilipoisikia. Mwaka 2008, baada ya vita vya uchaguzi, wakimbizi wa ndani walioambiwa warudi makwao chini ya Operesheni Rudi Nyumbani walitengewa shilingi 10,000 za kuanzia. Miaka kumi na sita, na kuhama bado kuna bei ile ile, ilhali unga, kodi na nauli haviko pale vilipokuwa. Tena hesabu ni ya nyumba. Penye nyumba ya mjukuu ambamo bibi analala kwenye kiti, bibi si nyumba. Pesa ikitoka inatoka kwa jina la mjukuu, na mjukuu akiamua kuhamia Rongai na mkewe, bibi anabaki na leso zake. Simlaumu mjukuu sana. Nalaumu fomu.

Inua Jamii ni jambo jema na ninawashukuru kwa hilo bila kejeli. Shilingi 2,000 kwa mwezi kwa kila aliyefika miaka 70 ni kitu ambacho wazee wangu wanakisubiri kwa hamu, hata inapochelewa na kuja ya miezi miwili kwa mkupuo. Ila tazameni inavyofanya kazi mtu anapofurushwa. Aliandikishwa na chifu wa zamani. Kamati ya wanaofaidika inamjua kule kule. Simu yenye laini yake ilizama. Ili arudishiwe laini anahitaji kitambulisho, nacho kilikuwa kwenye bahasha ya kaki. Ili apate kitambulisho kipya anahitaji chifu amtambue, na chifu wa mtaa mpya anasema, kwa haki kabisa, simjui huyu mzee, arudi alikotoka. Alikotoka ni kifusi. Akifika mwisho wa safari hiyo, aambiwe aweke kidole, kidole hakisomeki. Mtu aliyefua nguo za watu Eastleigh maisha yake yote, au aliyegonga mabati Gikomba, alama za vidole zimeisha kama soli ya kiatu. Niliwahi kumpeleka mzee mmoja kwenye kaunta, wakampangusa kidole kwa kitambaa, wakampaka mafuta, wakampangusa tena. Mwishowe wakamwambia aje siku nyingine vidole vikiwa vimepumzika. Akaniuliza tukiwa njiani: vidole hupumzikaje?

Na wa miaka 62 je? Katiba, kifungu cha 260, inasema mzee ni aliyepita miaka 60. Kifungu cha 57 kinamhakikishia heshima na matunzo kutoka kwa familia yake na serikali. Inua Jamii inaanzia 70. Katikati pana miaka kumi ambayo mtu ni mzee kwa Katiba na si mzee kwa pesa. Mtu wa miaka hiyo akiwa na nyumba na kibanda chake cha sukumawiki anajisukuma mwenyewe. Mkishabomoa vyote viwili kwa siku moja, hana pa kuanzia na hakuna anayemwajiri. Ningeomba aliyefurushwa na serikali aingizwe kwenye Inua Jamii akiwa na miaka 60, hata kama wengine wataendelea kungoja 70. Nyinyi ndio mliomvunjia kibanda, hivyo sioni kama ni upendeleo.

Kuhusu SHA, bima mpya ya afya ya serikali, sitasema mengi, imesemwa sana. Tangu ichukue nafasi ya bima ya zamani, NHIF, Oktoba 2024, aliyesajiliwa anatibiwa bila malipo kwenye vituo vya ngazi ya pili na ya tatu, na hilo kwa presha ya kawaida lingetosha kama dawa zingekuwepo. Lakini kiharusi hakitibiwi dispensari. Kwenda juu zaidi kunahitaji mchango, kima cha chini shilingi 300 kwa mwezi, na asiye na mshahara anatakiwa alipe mwaka mzima mbele, yaani 3,600. Kiasi cha mchango kinapimwa kwa maswali kuhusu maisha ya nyumbani, nyumba yako imejengwa kwa nini, choo chako ni cha namna gani. Jaribuni kumuuliza maswali hayo mtu anayelala barazani. Mmesema mtawalipia wasiojiweza. Basi anzeni na hawa, mnawajua tarehe na saa walipokosa nyumba, kwa sababu tingatinga lilikuwa lenu.

Kuna jambo ambalo halimo kwenye begi langu na ndilo linaloniumiza zaidi. Mtu mzee wa huku kwetu haishi kwa dawa peke yake. Anaishi kwa jirani. Kuna binti wa nyumba ya pili anayemchotea mtungi wa lita 20 akitoka kuchota wake. Kuna kijana wa choo cha kulipia ambaye hamdai shilingi kumi, na usiku humwachia ufunguo. Kuna mama wa maharagwe anayemkopesha kikombe hadi pesa ije. Kuna yule wanayegombana naye kila siku kuhusu maji ya kumwaga mlangoni, ambaye siku asipomsikia akifoka anajua kuna tatizo na anabisha hodi. Hakuna kati ya hawa aliyeandikwa popote, wala anayelipwa, na wao ndio wizara nzima ya ustawi wa jamii pale kichochoroni. Mmewatawanya pembe nne za jiji. Mzee anawekwa ghorofa ya nne Kayole, ngazi zinamshinda, majirani hawajui jina lake, mchana kutwa amefungiwa ndani kwa usalama wake. Baada ya miezi miwili anaanza kusahau. Anataka kwenda nyumbani, na akitoka anapotea. Familia inasema ni uzee. Mimi niliyemjua akihesabu pesa za chama bila karatasi sikubali haraka hivyo.

Chama chenyewe nacho. Wazee wengi, hasa kina mama, wana chama cha mazishi. Kila wiki unatoa hamsini au mia, na siku yako ikifika wenzako wanakununulia jeneza na kukodi basi. Kwa mtu asiye na shamba la kuzikwa, hiyo ndiyo bima kubwa kuliko zote. Kundi likitawanyika mchango unakufa. Nimeona mama wa miaka 80 akilia, na halii nyumba. Analia miaka ya mia mia ambayo sasa haina mweka hazina. Hakuna tathmini ya uharibifu niliyowahi kuona yenye safu ya kuandika hasara hiyo.

Sheria, kwa kweli, mnazo tayari. Sheria ya Ardhi, tangu ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2016, ina sehemu ya 152G inayosema uondoaji wa watu lazima uheshimu utu wao na uwe na hatua maalumu za kuwalinda wanawake, watoto, wazee na walemavu. Sheria ya wakimbizi wa ndani ya mwaka 2012 haikuishia kwa waliokimbia vita. Inawataja pia waliohamishwa na majanga na miradi mikubwa ya maendeleo. Januari 2021 Mahakama ya Juu, kwenye kesi ya wakazi wa kijiji cha Mitumba karibu na uwanja wa ndege wa Wilson, ilisema hata anayeishi kwenye ardhi ya umma ana haki ya makazi inayolindwa. Miezi tisa baadaye nyumba za Mukuru kwa Njenga zikaanza kuangushwa, na maelfu kwa maelfu ya watu wakalala nje, kwenye mvua, wazee wakiwemo. Hatua maalumu za kuwalinda wazee zilikuwa zipi? Ningependa kujibiwa swali hilo kwa maandishi na mtu mwenye cheo.

Ninayotaka hayahitaji sheria mpya. Kabla ya tingatinga kuja, sisi wahudumu tupewe siku saba za kupita nyumba hadi nyumba. Tuandike kila aliyepita miaka 60, anaumwa nini, anatumia dawa gani, anaenda wapi, kwa nani. Tunaweza. Tumeandika watoto wa chanjo, tumehesabu vyandarua, tumetafuta waliokaa karibu na mgonjwa wa kifua kikuu. Kuandika wazee hakutushindi. Kila mmoja apigwe picha ya daftari lake kwa simu ya kazi, na picha ile iwe inakubalika kwenye kituo chochote cha kaunti. Apewe dawa za miezi mitatu mkononi. Kisha programu iliyo kwenye simu zetu iwekewe njia ya kumkabidhi mtu: mimi namtoa kwangu, mwenzangu wa Dandora anampokea, na asipothibitisha kwamba amemwona kwa macho, jina linabaki likiwaka mekundu kwa msimamizi wetu. Machifu nao wakabidhiane vivyo hivyo, kwa barua moja, ili mzee asitumwe kwenye kifusi kutafuta mtu wa kumtambua.

Na msiwatawanye. Mkiwa na kiwanja cha kuwahamishia watu, wahamisheni kwa vichochoro, majirani kumi kumi, mzee na yule wanayegombana naye. Vyumba vya chini viwe vya wazee. Pia mna kumbi za kijamii, kaunti inazimiliki, Kaloleni, Pumwani, Kariobangi, na nyingine ambazo siku za kazi hukaa zimefungwa hadi kuwe na mkutano wa siasa. Zifungueni asubuhi mbili kwa wiki. Chai, mkate, viti vyenye migongo, mhudumu mmoja na kipimo cha presha. Kule Harare tangu mwaka 2006 daktari Dixon Chibanda amewafundisha kina nyanya kukaa na wagonjwa wa msongo wa mawazo kwenye benchi nje ya kliniki na kuwasikiliza, na utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba inasaidia. Wale nyanya ndio watoa huduma, si wagonjwa. Sisi pia tunao kina shosho waliolea nusu ya Mathare, na kazi ya kusikiliza wameifanya tangu zamani bila benchi.

Msiwasahau wazee waliovuka mipaka. Kayole na Kasarani kuna wazee wa Kikongo, Eastleigh kuna Wasomali na Waethiopia waliozeeka wakingoja. Yupo mama mmoja kutoka Bukavu, Kiswahili chake cha kwao kinatufanya tucheke sote wawili, ana sukari, na kadi yake ya mkimbizi imeisha muda. Kila kaunta inamwambia ahuishe kadi kwanza. Sukari haisubiri kadi. Sheria ya Wakimbizi ya 2021 imewapa wakimbizi nafasi katika nchi hii. Wahudumu wa mtaani waambiwe wazi kwamba wana ruhusa ya kuwaandika kwenye simu kama mkazi mwingine yeyote, maana baadhi yetu tunaogopa.

Gharama mtaniuliza. Nauli za wahudumu, dawa za miezi mitatu, chai na mkate. Wekeni hesabu hiyo kando ya bei ya mafuta ya tingatinga kwa siku moja, halafu mniambie ipi imewashinda.

Mvua ndefu huanza Machi. Naomba orodha ya maeneo mnayokusudia kubomoa mwaka huu ibandikwe kwenye ofisi za machifu kabla ya hapo, pamoja na jina na namba ya simu ya afisa mmoja katika kila kaunti ndogo atakayesimamia wazee. Afisa huyo akipatikana, sisi wahudumu wa Mathare tuko tayari kukutana naye siku yoyote isipokuwa Jumanne. Jumanne tuna kliniki ya presha.

Wenu katika kazi,

Mhudumu wa afya ya jamii
Mathare, Nairobi